Kiingereza cha kuingia udaktari Marekani: anza na transkripti yako

Kemia ya oganiki inaogopwa, kwa hiyo watu huipangia ratiba mapema. Fizikia vivyo hivyo. Kiingereza hakimtishi mtu, na ndiyo maana wapo wanaofika hatua ya kujaza maombi ndipo wagundue kwamba wamepungukiwa krediti tatu za uandishi. Pengo lenyewe ni dogo, ila vyuo vingi vikishakukubali hutaka kozi zote za lazima ziwe zimekamilika kabla hujaanza masomo, na krediti tatu hazipatikani kwa wiki mbili.

Kwa msomaji aliye Kenya, Tanzania au Kongo: Marekani, udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Mtu husoma miaka minne fani yoyote, huku akikusanya kozi za lazima za biolojia, kemia, fizikia, mara nyingi baiokemia na takwimu, na Kiingereza. Kisha hufanya MCAT, mtihani wa kuingia udaktari, na kuomba kupitia mfumo wa maombi wa mtandaoni: AMCAS kwa vyuo vingi vya MD (shahada ya kawaida ya udaktari), AACOMAS kwa vyuo vya DO (shahada ya udaktari wa osteopathia), au TMDSAS kwa vyuo vya umma vya Texas. Sharti la Kiingereza halipimi unavyozungumza. Linatazama kilichoandikwa kwenye transkripti ya chuo. Umefundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, KCSE umepata A, TOEFL umepata alama za juu: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholeta krediti. TOEFL, pale inapodaiwa, huthibitisha tu kwamba lugha unaimudu.

Sharti lenyewe linasemaje

Hakuna sharti moja la nchi nzima. Kila chuo kina lake, na maneno yake yana uzito. Vipo vinavyotaja krediti, kwa kawaida sita za muhula, yaani kozi mbili za krediti tatutatu. Vyuo vilivyo chini ya TMDSAS viko hapa, na vya DO vingi pia. Vipo vinavyotaja muda, "mwaka mmoja wa Kiingereza" au "mwaka mmoja wa kozi zenye uandishi mwingi". Na vipo ambavyo havitaji kozi yoyote ya lazima, kama Stanford, vinavyoeleza tu maandalizi vinavyotarajia. Usidhani hao wa mwisho hawajali. AAMC, chama kinachosimamia AMCAS na MCAT, kimeorodhesha stadi 17 ambazo mwombaji anapaswa kuwa nazo, na mawasiliano ya maandishi ni mojawapo, ikitajwa peke yake mbali na mawasiliano ya mdomo.

Pa kuanzia ni MSAR, hazina ya AAMC ya mtandaoni yenye masharti ya vyuo vya MD. Sehemu yake ni ya bure na sehemu hulipiwa kwa mwaka. Humo utaona kama Kiingereza ni cha lazima au kinapendekezwa tu, na mara nyingi kama krediti za AP (mitihani ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari), za mtandaoni na za vyuo vya jamii (vyuo vya miaka miwili vya ada ndogo) zinapokewa. Kisha fungua tovuti ya chuo chenyewe ulinganishe. Zikitofautiana, andikia ofisi ya udahili, na jibu lao lihifadhi. Kuhusu neno "inapendekezwa", ushauri wetu ni kulisoma kama "lazima" pale kozi yenyewe ni nafuu na rahisi kuipata. Kiingereza ni hivyo.

Hesabu ya krediti ndipo wengi wanapojikwaa, hasa waliosoma vyuo vinavyogawa mwaka katika robo badala ya mihula miwili. Krediti moja ya robo ni theluthi mbili ya krediti ya muhula. Kozi mbili za krediti nne za robo zinaonekana kuwa nane, nyingi kuliko sita, lakini ukizigeuza unapata 5.3. Umepungukiwa. Kozi mbili za krediti tano hukupa 6.7 na umevuka, isipokuwa chuo kikiwa kimeandika "mwaka mmoja". Hapo baadhi yao wanataka robo tatu, na njia ya kujua ni kuuliza.

Kozi ipi inahesabika

Isiyo na ubishi ni ile ya insha ya mwaka wa kwanza na mwenzake wa muhula wa pili. Texas ni ENGL 1301 na 1302, Florida ni ENC 1101 na 1102, kwingine ni 101 na 102. Fasihi kwa kawaida hupita. Uandishi wa kitaalamu hupita mahali pengi. Uandishi wa kubuni hutegemea chuo. Kozi ya kuzungumza mbele ya watu huwa haipiti, ingawa wapo wanaoipokea kwa nusu ya sharti.

Zisizohesabika karibu kila mahali ni kozi za Kiingereza kwa wageni na zile za maandalizi zilizo chini ya kiwango cha chuo. Jambo hili linawagusa sana vijana wetu waliofika Marekani kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Mtu akijiandikisha chuo cha jamii hupewa mtihani wa kumpanga, mara nyingi ACCUPLACER, na matokeo yakiwa chini huwekwa kwenye Kiingereza cha wageni kwa mihula miwili au mitatu. Analipa, anasoma kwa bidii, transkripti inaonyesha krediti, naye anaamini amemaliza Kiingereza. Hajaanza. Kozi hizo ni ngazi ya kumfikisha kwenye kozi ya insha, basi. Kwa hiyo kabla ya kuufanya mtihani ule, uliza kama mazoezi ya bure yapo na kama unaruhusiwa kuurudia. Muhula mmoja uliookolewa ni pesa na ni muda.

Vyuo vya jamii vyenyewe visiogopwe. Kusoma insha huko kwa ada ndogo na kuhamia chuo kikuu baadaye ni njia halali, na kwa somo hili vyuo vingi vya udaktari havina neno. Wenye wasiwasi na vyuo vya jamii huwa na wasiwasi zaidi na sayansi.

Ukiwa kwenye chuo kisichokuwa na kozi iitwayo Kiingereza, usihangaike. Cornell, kwa mfano, ina semina za uandishi za mwaka wa kwanza zinazofundishwa na idara mbalimbali, kuanzia historia hadi falsafa. Vyuo vingine huweka alama ya W mbele au nyuma ya namba ya kozi yenye uandishi mwingi. Tatizo ni kwamba mtu wa udahili anayesoma transkripti haoni kazi uliyoandika, anaona "Historia ya Bahari ya Hindi" na kuipita. Basi weka ushahidi: silabasi katika PDF yenye idadi ya kurasa za insha na asilimia ya alama zinazotokana na maandishi, na ukurasa wa chuo unaosema kozi ile inatimiza sharti la uandishi. Ihifadhi silabasi muhula uleule. Baada ya miaka mitatu mwalimu amehama na tovuti imefutwa.

AP ina kanuni mbili. Ya kwanza: chuo chako cha shahada ya kwanza kiwe kimekupa krediti na zionekane kwenye transkripti, jina la kozi na idadi. TMDSAS wanasema hivyo waziwazi, na wengine wengi wanafuata. Alama ya 5 iliyobaki kwenye akaunti yako ya mitihani haina kazi. Ya pili: chuo cha udaktari nacho kiwe kinazikubali, kwani vipo vinavyozikataa au vinavyokutaka usome kozi ya juu zaidi katika idara ileile. Tukishauri kijana mwenye krediti sita za AP za Kiingereza, tunamwambia achukue bado kozi moja ya uandishi akiwa chuoni. Inaziba mwanya huo, na inampa mwalimu wa kumwandikia barua.

Wazazi nao wajue kuhusu kozi za chuo zinazosomwa sekondari. Mtoto wa miaka 16 anayechukua ENGL 1301 akiwa shuleni ameshaanza kuandika transkripti ya udaktari. AMCAS inataka kila kozi ya chuo, hata iliyosomwa kabla ya kuhitimu sekondari, na alama yake inaingia kwenye wastani. C ya utoto haifutiki: ukiirudia kozi, AMCAS huhesabu alama zote mbili. AACOMAS nao waliacha mwaka 2017 utaratibu wa alama mpya kufuta ya zamani.

Mliosoma nyumbani

Kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, ile ambayo karibu kila chuo kikuu Kenya na Tanzania kinayo, inafanana sana na kozi ya insha ya Marekani. Kwa bahati mbaya AMCAS haihakiki masomo ya nje ya Marekani na Kanada, isipokuwa yamepokewa kama krediti za kuhamishwa na chuo cha huko na kuonekana kwenye transkripti yake. Kutathmini vyeti kupitia WES au ECE kunasaidia kazini na kwenye maombi mengine, ila kwa AMCAS hakubadilishi kitu. Na TMDSAS wanadai angalau krediti 90 kutoka vyuo vya Marekani au Kanada vyenye ithibati, kwa hiyo pengo la Kiingereza linakuwa sehemu ndogo ya pengo kubwa. Mwenye shahada ya Nairobi au Dar es Salaam anayetaka MD atahitaji kusoma kozi za lazima upya huko, na Kiingereza ndicho cha kuanza nacho, kwa sababu kinafungua mlango wa kozi nyingine na kinakuzoesha mtindo wao kabla ya maabara kuanza. Jihakikishie pia mapema kama vyuo unavyovilenga vinapokea waombaji wasio na ukaazi wa kudumu. Vingi havipokei.

Kujaza kozi kwenye maombi

Chukua transkripti rasmi ya kila chuo ulichopita, ya kwako binafsi, kabla hujaanza kuandika. Kwa kila kozi unajaza mwaka, muhula, namba, jina, krediti na alama, vyote kama vilivyoandikwa pale. Kozi ya chuo cha jamii iliyohamishiwa chuo kikuu hujazwa chini ya chuo cha jamii, palipotolewa alama. Watu huiandika mara mbili au huiweka mahali pasipo pake, kisha wanashangaa maombi yanarudi yakiwa na makosa wakati wa foleni ndefu ya uhakiki. Halafu unachagua kundi la somo ambalo kozi inaingia. Kinachoamua ni maudhui ya kozi kuliko jina la idara, hivyo semina ya uandishi iliyofundishwa na idara ya falsafa inaweza kuwekwa kwenye Kiingereza kama sehemu kubwa ya kazi ilikuwa uandishi. Kiingereza hakiingii kwenye wastani wa sayansi, kinaingia kwenye wastani wa jumla.

Ndani ya darasa la insha

Hapa ndipo pa kukaa, maana krediti zinatafutwa mara moja lakini stadi utadaiwa hadi wodini. Muhula wa kwanza kwa kawaida una insha kadhaa fupi, na kila moja ina rasimu inayosomwa na wenzako kabla ya toleo la mwisho. Wa pili huwa na utafiti mrefu wenye marejeo kwa mtindo wa MLA au APA.

Mwandishi aliyelelewa kwa Kiswahili ana makosa yake anayoyajua mwalimu mzoefu. La kwanza ni kuchelewa kufika. Adabu yetu ni kubisha hodi, kusalimu, kutupia methali, kisha kueleza kilichotuleta. Msomaji wa Kimarekani anataka hoja yako ndani ya aya ya kwanza, na iwe hoja inayoweza kupingwa. "Malaria ni tatizo kubwa Afrika" hakuna atakayeipinga, kwa hiyo huna insha. "Vyandarua vigawiwe bure, kwa sababu hata bei ndogo huwazuia wanaovihitaji zaidi" ni hoja: yupo atakayesema cha bure hakithaminiwi, nawe una kazi ya kumjibu kwa ushahidi.

La pili ni "he" na "she". Yeye yetu haina jinsia, na mkono ukienda kasi mgonjwa mwanamke anageuka mwanamume katikati ya aya. Darasani ni alama moja. Kwenye faili la mgonjwa ni hatari. La tatu ni nyakati. Kwetu kitenzi cha kwanza kikishabeba wakati, vinavyofuata vinaendelea na -ka-: alifika, akamwona, akamwuliza. Kiingereza kinataka kila kitenzi kibebe wakati wake. La nne ni "a" na "the". Dawa yake ni ya kiufundi: ukimaliza rasimu, pitia mara moja ukitazama nomino za umoja zinazohesabika tu, na kila moja uliza iko na nini mbele yake. Usifanye ukaguzi wa aina mbili kwa mpigo mmoja, jicho linachoka na kuanza kuona kilicho kichwani badala ya kilicho kwenye karatasi.

La tano si la lugha, na ndilo zito. Shule nyingi za nyumbani humzawadia anayekariri maneno ya kitabu. Marekani, kuchukua sentensi ya mtu na kubadilisha maneno matatu, hata ukitaja chanzo, kunahesabiwa wizi, na programu kama Turnitin huonyesha mahali hasa. Chuo kikikuadhibu kwa hilo, AMCAS ina swali kuhusu adhabu za chuo nawe unatakiwa kulijibu kwa ukweli, hata kama kosa lilikuwa la insha ya kurasa mbili mwaka wa kwanza. Njia salama ni kusoma kifungu, kufunga kitabu, kuandika ulichoelewa kwa kumbukumbu, kisha kufungua tena kukagua ukweli na kuandika namba ya ukurasa.

Karibu kila chuo kina kituo cha uandishi, bure. Nenda mara mbili kwa kila insha kubwa, mara ya kwanza na mpango wa hoja na maelekezo ya mwalimu, mara ya pili na rasimu. Usiwaombe wakusahihishie, hawafanyi hivyo. Waombe wakuonyeshe kosa linalojirudia.

Ufahamu wa MCAT

Kuna sehemu moja ya MCAT ambayo ni ufahamu mtupu, kama ule wa mitihani ya shule lakini mkali. Inaitwa CARS: vifungu tisa, maswali 53, dakika 90, kwa hiyo dakika kumi kwa kifungu. Nusu ni sanaa na falsafa, nusu sayansi ya jamii, na alama ni 118 hadi 132. Haihitaji ujuzi wowote wa nje, na hapo ndipo mtego ulipo: ukiijua mada, unajibu unachojua wewe badala ya alichosema mwandishi. McMaster, Kanada, huchuja waombaji kwa kutazama sehemu hii peke yake ya MCAT. Kozi ya fasihi au falsafa yenye usomaji mzito mwaka mmoja kabla ya mtihani inasaidia kuliko kukariri misamiati, na mazoezi ya kununua kwanza ni yale ya AAMC wenyewe.

Barua, insha ya kujieleza na kalenda

Vyuo kadhaa hutaka barua ya mwalimu asiye wa sayansi. Mwalimu wa insha ana darasa dogo na amesoma rasimu zako, anakujua kuliko profesa wa ukumbi wa watu 300. Muombe muhula ukiwa unamalizika, na umwachie insha yako iliyosahihishwa.

Insha ya kujieleza ya AMCAS ni herufi 5,300, nafasi zikiwemo. TMDSAS ni 5,000. Mfumo wa AMCAS hausahihishi tahajia, na ukishawasilisha hubadilishi neno. Andika kwenye faili la maandishi matupu ndipo unakili, kwa sababu programu za uandishi huingiza alama za ajabu. Kuhusu akili mnemba, AAMC wanaruhusu kuitumia kwa kutafuta mawazo na kukagua lugha, lakini unathibitisha kwamba kazi ya mwisho ni yako.

Maombi ya AMCAS hufunguliwa Mei na huanza kupokewa karibu na mwisho wa mwezi huo, kwa masomo ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo kozi ya pili ya Kiingereza inaweza kusomwa hata wakati maombi yanazunguka, mradi umeiandika kama kozi inayoendelea au inayokuja. Ukiiacha baadaye au ukibadilisha na nyingine, ziarifu ofisi za udahili kwa maandishi, zikiwemo zile ambazo bado hazijakuita kwenye usaili.